Mtani hutukana, kisha huosha sufuria

Siku tuliyomzika babu Kisarawe, mzee mmoja wa Kinyamwezi alivaa kanzu ya marehemu, akashika bakora yake, akachechemea uani huku akikohoa kikohozi kilekile cha babu. Mama, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, aliangua kicheko. Jeneza lilipotolewa, mzee yule akasimama mlangoni: halipiti mpaka alipwe. Akalipwa. Alikuwa mtani wetu, na tangu usiku ndiye aliyekuwa akichota maji na kupasua kuni.

Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala kuhusu uhusiano wa namna hii. Hoja yake ni kwamba watu waliounganishwa, kwa ndoa tuseme, huku kila upande una maslahi yake, wako karibu na ugomvi muda wote. Kuna njia mbili za kuukwepa: kuheshimiana mpaka kuepukana, kama mtu na mama mkwe wake, au kutaniana, kama mtu na shemeji. Mmoja anaruhusiwa kudhihaki, mwingine haruhusiwi kukasirika. Hata bibi anayemwita mjukuu wake "mume wangu" amo humo.

Naikubali nadharia hii, ila kwangu imeishia mdomoni. Wazee wetu wakisimulia utani wa Wazaramo na Wanyamwezi huanzia kwenye misafara. Mpagazi aliyeshuka pwani kutoka Unyamwezi hakuwa na ndugu huku. Alihitaji pa kulala, chakula, na mtu wa kumzika akifa njiani. Mtani ndiye aliyezika. Kejeli zilikuja pamoja na jembe.

Ndiyo maana hunikera mtu anapomtukania kabila lake mgeni asiyemjua mtandaoni, akibanwa anajitetea, "Ni utani tu." Utani na nani? Msiba wake utakwenda? (Simba na Yanga, watani wa jadi, nawasamehe, wale angalau hukutana uwanjani.)

Miaka miwili baadaye mzee yule alifiwa na mkewe. Mama alifika kabla ya majirani, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani ni nani sasa atampikia mwanamume asiyejua hata kuwasha mkaa. Mzee akacheka huku machozi yakimtoka. Mama akavuta mbuzi, akaanza kukuna nazi.