Udaktari wangu umeanzia kwenye daftari la mahudhurio

Nina umri wa miaka 46. Miaka 22 nimefundisha Pemba, saba ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu msaidizi, na huu ni mwaka wa tatu nasomea udaktari wa elimu kwa masafa, katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, huku nikiingia kazini kama kawaida. Ni wachache wanaoniuliza nasoma nini. Ninaloulizwa ni "wa nini, na umri huo?" Naulizwa harusini, naulizwa ofisini kwa walimu, naulizwa garini nikirudi nyumbani Konde. Ofisa mmoja niliyempelekea barua ya kuomba ruhusa ya wiki mbili aliisoma mpaka chini, akaikunja mara mbili, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, ukimaliza hiyo si ndiyo unastaafu? Waachie vijana."

Bora angenifokea.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo aliyoitaja. Katika utumishi wa umma Zanzibar, kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Mungu akinijaalia nikamaliza na 49, nitabakiwa na miaka 11. Mtoto atakayeingia darasa la kwanza mwaka huo, kwa mfumo wetu wa miaka sita ya msingi na minne ya sekondari, atafanya mtihani wa kidato cha nne mimi nikiwa bado nipo kazini. Kwa hiyo muda huo anaouona mdogo ni maisha yote ya skuli ya mtoto mmoja.

Lakini hata bila ya hesabu hiyo ningemwambia kwamba udaktari wa namna hii haumfai kijana. Akili kijana anazo, pengine kunizidi. Asichokuwa nacho ni swali, na swali hili halipatikani bila ya kukaa darasani miaka mingi.

Watu wanachanganya shahada mbili. Iko PhD ya uzamivu tunayoijua, ambapo mtafiti anaangalia yaliyokwisha andikwa na wataalamu, anatafuta pengo, analiziba. Na uko udaktari wa elimu, ambao walimu wengi wa hapa hawajausikia, ijapokuwa Harvard walianza kuutoa mwaka 1921 na kwa Uingereza ulianzia Bristol mwaka 1992. Huu umetengenezwa kwa mtu aliyeko kazini. Mnaingia kundi zima pamoja, mnasoma masomo ya darasani kipindi cha mwanzo na kuandika kazi baada ya kazi, ndipo kila mmoja anapoingia kwenye tasnifu yake. Uingereza tasnifu hiyo mara nyingi ni fupi kuliko ya PhD, na swali lake linatakiwa litoke pale unapofanyia kazi: jambo linalokukera, umelijaribu mara kadhaa na limekushinda. Marekani wakosoaji walikaa miaka mingi wakiuita PhD nyepesi. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya huko vikakusanyika katika mradi wa taasisi ya elimu ya Carnegie ili kuupa udaktari huu sura yake wenyewe, na walichokiweka katikati ni hilo hilo tatizo la kazini kwako.

La kwangu lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio la darasa la tano.

Miezi ya mwanzo wa mwaka kurasa zimejaa vema. Karafuu zikishaiva, ukurasa unatoboka: vema, vema, kisha sifuri zinashuka chini kama ngazi. Majina yenye sifuri nilikuwa nayajua bila ya kuyasoma. Na kila mwaka nilifanya kile kile. Nawaita wazazi, nawaeleza umuhimu wa elimu, wananiitikia "ndiyo, mwalimu", wanakwenda zao, na msimu unaofuata daftari linatoboka pale pale. Niliamini, na nikaandika hivyo kwenye ripoti zangu kwa mkono wangu, kwamba wazazi wa kijijini kwetu hawaithamini skuli.

Kazi ya kwanza ya kozi tuliambiwa tuchukue kumbukumbu yoyote tunayoiona kila siku, tuitazame kama wageni. Nilibeba madaftari ya miaka minne nikayapanga sakafuni sebuleni, mistari kwa mistari, kama mtu anayeanika karafuu juu ya jamvi. Nilikaa nayo usiku mzima wa Alhamisi. Kumbe watoto wale walikuwa wanarudi! Msimu ukiisha, takriban wote wanarudi, siku moja, siku mbili, wengine wiki nzima. Baada ya hapo ndipo wanapopotea moja kwa moja. Miaka yote hiyo nilikuwa nazisingizia karafuu.

Nikaenda kwa mama mmoja jioni. Nilimkuta barazani anachambua. Anachukua kishada, anakisokota kiganjani, karafuu zinaangukia kwenye ungo na konyo linabaki mkononi, analitupa upande wake, anachukua kingine. Tunazungumza na mkono hausimami. Mwanawe alikaa pembeni anafanya vivyo hivyo, vidole vimeiva weusi mpaka ndani ya kucha. Nikauliza kwa nini kijana hakuendelea na masomo, na mwezi uliopita nilimuona skuli kwa macho yangu.

"Alikuja kwenu, bibie," mama akanijibu. "Kaona haya, karudi."

Haya ya nini? Kijana alinijibu mwenyewe bila ya kuniangalia. Aliporudi alikuta wenzake wameshafika kwenye hesabu za sehemu, nazo zinafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu akamwita ubaoni. Akasimama na chaki mkononi mpaka darasa likacheka. Kesho yake hakuja.

Sera yetu ya Elimu ya mwaka 2006 ndiyo iliyopeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyekosa wiki nne katika darasa hilo kakosa mambo mawili kwa mpigo: somo, na lugha ya kulielewea somo. Sisi tulimhesabu kama aliyekosa siku 20, tukamtaka azifidie kwa kuazima daftari la mwenzake.

Maneno ya yule mama nilipaswa kuyatafsiri ili wasimamizi wangu wayasome. Mmoja wao aliniandikia pembeni: haya hiyo ni aibu ya mtu aliyekosa, ni adabu, au ni woga wa macho ya watu? Lilikuwa swali zuri, na lilinikalisha siku mbili. Ukisema haya kwa Kiswahili umeshayasema yote matatu, hulazimiki kuchagua, na kwa kuwa ni matatu kwa pamoja ndiyo maana mtoto wa miaka 11 hawezi kujikwamua nayo peke yake. Kwa Kiingereza nililazimika kuchagua moja. Kila nililochagua lilimpunguza yule kijana.

Hapa ndipo nilipo na ugomvi, na nataka usikike. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha Kiswahili mpaka ngazi ya uzamivu. Kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba lugha hii haibebi tasnifu. Nataka tuwe na udaktari wa elimu wa kwetu, kwa walimu waliopo kazini, unaoandikwa kwa Kiswahili, na masomo yake ya Jumamosi yafanyike Pemba na si kwenye kampasi ya Tunguu, Unguja, peke yake. Tasnifu yangu, nikiimaliza, itasomwa na watahini na pengine mtu mmoja mwengine huko huko. Mwalimu wa darasa la tano wa Micheweni, ambaye habari hii ni yake, hataisoma. Nimeshaahidi kumwandikia muhtasari kwa Kiswahili, lakini muhtasari ni makombo, naye anastahili sahani nzima.

Najua jibu ninalopewa nikisema hivi: tutashusha kiwango, tutatoa madaktari wa bei rahisi. Walimu wenzangu, mimi niko ndani, niwaambieni ugumu uko wapi. Kutafiti mahali unapofanya kazi ni kugumu kuliko kutafiti kwa watu usiowajua. Nilianza kwa kuwahoji walimu wanne wa skuli yangu. Wote wanne waliniambia mambo ni mazuri. Wangesema nini, na mimi ndiye ninayejaza fomu zao za tathmini? Nikarudi kwa wasimamizi, tukakubaliana mahojiano yafanywe na mwalimu wa skuli nyengine, mimi niletewe maandishi yasiyo na majina.

Katika maandishi hayo nilijikuta mimi. Mwalimu mmoja alieleza kwamba watoto wakirudi kutoka kwenye karafuu huwa wanatajwa mstarini asubuhi, kwa majina, mbele ya skuli nzima, na mwalimu mkuu msaidizi. Ni kweli. Nilikuwa nawaita mbele, nasema "tunamshukuru Mungu fulani karudi", na wenzao wanawapigia makofi. Nilidhani nawapa moyo. Nimefanya hivyo kwa miaka saba. Nililia siku ile, na nikaandika ukurasa huo kama ulivyo, bila ya kujitetea, kwa sababu kama tasnifu yangu ingeufunika ukurasa ule isingekuwa na thamani ya wino wake. Mtafiti wa nje angekuja na dodoso lake, akahesabu wanaokuja na wasiokuja, akaondoka na boti ya jioni. Mstari wa asubuhi asingeuona.

Ridhaa nayo ina kazi yake. Chuo kinataka kila mzazi atie saini fomu kabla ya kuhojiwa. Mzee mmoja aliniregeshea karatasi kwa mikono miwili: "Mwalimu, maneno yangu nimekupa. Saini ya nini tena?" Kwa watu wa rika lake saini ni shamba, ni kesi, ni deni. Nilieleza hivyo kwenye maombi yangu ya kibali cha maadili, nikaruhusiwa kuchukua ridhaa ya mdomo na kuirekodi. Hilo si jambo dogo. Kuna mahali fulani duniani kamati imekaa ikaelewa kwamba neno la mzee wa Pemba linatosha.

Sasa nije kwa wanaofikiria kuanza. Wananipigia simu, hasa walimu wanawake walioko kwenye miaka ya 40, watoto wameshakua kidogo. Kabla ya kutafuta chuo, tafuteni swali. Kama hamna jambo linalowanyima usingizi skulini kwenu, subirini, pesa yenu ipumzike. Kama mnalo, hakikisheni chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla ya kulipa hata senti moja. Matangazo ya udaktari wa miezi sita yamejaa mitandaoni, na cheti chake hakitakufikisha popote. Ada ni nzito, sitawaficha. Mimi nimeibeba kwa mshahara, kwa upatu wa walimu wenzangu, na kwa shamba la mume wangu msimu karafuu zilipozaa sana. Ndiyo, karafuu zile zile. Na ombeni ruhusa kwa maandishi, mkabaki na nakala.

Liko moja linaloniogopesha kuliko ada. Hapa kwetu mwalimu akipata udaktari, skuli humpoteza. Anaitwa Unguja, anapewa ofisi, anakuwa mtu wa semina na vikao. Sisemi ofisi hazihitaji wasomi. Nasema ngazi ya mshahara na heshima isiwe inaelekea nje ya lango la skuli tu. Wahenga wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya kazi yetu ni darasa. Wizara ikiweka daraja la mwalimu mwenye udaktari anayebaki skuli, mwenye vipindi vyake na jukumu la kuwalea walimu wapya wa kituo chake, wako watakaobaki. Mimi nitakuwa wa kwanza kujaza fomu.

Skulini kwangu tumeanza na madogo. Msimu uliopita hatukumtaja mtu mstarini. Kila mtoto aliyeondoka alipangiwa mwenzake wa kumuandikia, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila wiki wa yaliyofundishwa. Akirudi, wiki ya kwanza haitwi ubaoni na mwalimu yeyote, na jioni anakaa na huyo mwenzake chini ya muembe na vitabu vyao. Kwenye daftari la mahudhurio tumeongeza alama mpya, duara dogo, maana yake: karudi, tumfuatilie. Yule kijana wa barazani hayumo. Kwake tulichelewa, sasa yuko dago, kambini na wavuvi. Mdogo wake wa kike yumo. Ana maduara matano, na baada ya maduara ni vema tupu hadi siku ya kufunga skuli.

Barua ya ruhusa nimeiandika upya jana usiku, wiki mbili zile zile. Safari hii nimeambatanisha nakala ya ukurasa huo wa maduara.