Ziwa Liko Hapa, Samaki Katoka Wapi?

Jamani watu wa Kisumu, hii ni haki kweli? Ziwa Victoria hilo hapo, ukisimama ufuoni Dunga unaliona, halafu sokoni unauziwa ngege (tilapia) aliyegandishwa China, akavuka bahari nzima, na bado unaapiwa kavuliwa leo alfajiri! Leo gani? Macho yamezama, mashavu ya kijivu badala ya mekundu, ukimbonyeza kidole shimo linabaki pale pale. "Mama, chukua tu, huyu ni wa ziwa." Ziwa lipi?

Samaki wa friza simkatai. Akikaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kuyeyuka ni chakula safi, na wengi wetu ndiye tunayemmudu. Kinachonichoma ni huyu anayeyeyuka stima ikipotea, kisha anagandishwa tena ikirudi, kana kwamba hatuna pua. Nani hapa hajawahi kumwaga sufuria nzima kwa sababu ya harufu?

Na njegere za pakiti? Jiwe moja la barafu! Si ziliyeyuka njiani hizo, zikaganda tena?

Wauzaji, andikeni kibao tu: wa China, wa kufugwa, wa ziwa. Tutachagua wenyewe.