Bunduki yangu kwenye ndege, au ya kuazima kule mlimani?

Agosti ikielekea ukingoni, simu za watu wa nyumbani tunaoishi Ohio huanza kuja na swali moja. Mwaka huu wa kwanza kupiga alikuwa mdogo wangu mmoja wa hapa Columbus, kwao Urambo, aliyepata leseni yake ya kwanza ya kuwinda elki Colorado, jimbo la milima upande wa magharibi. "Kaka, nipande ndege na bunduki yangu, au niende mikono mitupu nikaazime kwa wenyeji?" Nilimjibu upesi kwamba abebe yake. Baadaye nikaona nimelijibu kijuujuu swali zito. Wanaokataa kubeba nao wana hoja, na mojawapo ya hoja hizo imewahi kumfikisha msafiri rumande.

Naanza na mnyama, maana ndiye atakayeumia tukikosea. Elki ni wa jamii ya kulungu, lakini dume lake humzidi hata tandala mkubwa. Kilo 300 kwake ni kawaida. Akipigwa kwenye mapafu hafiki mbali. Akipigwa tumboni atakwenda, ataingia korongoni kwenye magogo yaliyolaliana, na atakufa usiku mahali usipomwona. Kati ya pigo lile na hili pana upana wa viganja viwili hivi. Sasa mfikirie mwindaji aliyetoka kupanda mlima, hewa nyepesi, moyo unamdunda, na mnyama yuko mita 250. Saa hiyo anategemea mazoea: shavu linajua mahali pake kwenye kitako, kidole kinajua traiga inaachia wapi. Bunduki ya kuazima haina mazoea hayo. Kitako kikizidi urefu kwa sentimita mbili tu, jicho halikai sawasawa nyuma ya darubini, na badala ya mnyama unaona mwezi mweusi umeziba nusu ya kioo. Mwenzetu mmoja lilimpata hilo nikiwa nimelala kifudifudi kando yake. Alihangaika kusogeza kichwa mbele na nyuma hadi dume likavuka tuta. Nilishukuru kwamba hakufyatua.

Lakini hoja hii ina tundu, na sisi wa Ohio inatupasa tulikiri. Hapa kulungu hawindwi kwa bunduki za risasi zenye ganda lililobanwa shingoni, kama .30-06. Tunatumia shotigani, magobore ya kisasa, na tangu mwaka 2014 bunduki za risasi zenye ganda lililonyooka. Kwa hiyo bunduki ya masafa marefu wengi wetu huinunua kwa ajili ya safari ya magharibi tu, na miezi mingi inakaa kabatini. Bunduki uliyoipiga risasi 20 tangu uinunue ni yako kwenye risiti, ila mwili haujaijua. Kwa mtu wa namna hiyo, bunduki ya mwongozaji wa wawindaji wa kule, iliyopimwa shabaha wiki ileile kwenye mlima uleule, inaweza kumtendea mnyama haki zaidi. Mdogo wangu sikumuuliza ameipiga yake mara ngapi, na hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Ama safari yenyewe, ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Kanuni za TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, zinaruhusu bunduki ndani ya mzigo wa kukabidhi kaunta tu, ikiwa haina risasi, ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli. Kasha lenyewe lisifunguke hata mtu akivuta kona yake. Ukiacha tundu moja la kufuli wazi na kona ikapanuka, litakataliwa. Ufunguo unabaki kwako. Risasi ziwe kwenye boksi lake, na mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 5, ambazo ni nyingi kuliko mwindaji yeyote wa elki anavyohitaji.

Mara yangu ya kwanza mikono ilinitetemeka. Saa kumi na moja alfajiri nilimwambia dada wa kaunta kwamba ninakabidhi bunduki, kwa sauti ya chini, nikamwachia yeye aniambie lini nifungue. Alinionyesha kadi ya kutia sahihi kwamba haina risasi. Nikafungua kufuli nne, nikamwonyesha chemba tupu, kadi ikalazwa juu ya sponji, nikafunga. Dakika kumi. Kasha halikubandikwa alama yoyote ya kusema kuna silaha ndani, kwa sababu sheria ya nchi nzima inakataza msafirishaji kulazimisha alama hiyo, na ni busara: mwizi asisomewe orodha.

Pale mtu hupotea kwa mambo madogo. Bolti ya bunduki, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba na kuifungia, hairuhusiwi kwenye begi la mkononi, ingawa darubini inaruhusiwa. Dawa ya kupuliza ya kufukuzia dubu haipandi ndege kabisa, mkononi wala chini, nunua ukifika. Na koti la kuwindia lipekue mfuko kwa mfuko usiku wa kuamkia safari, kwa sababu risasi moja iliyosahaulika toka msimu uliopita itakutia matatani kwenye ukaguzi. Mwaka 2024 TSA ilinasa silaha 6,678 kwenye vituo vya ukaguzi vya abiria, na asilimia 94 zilikuwa zimejazwa risasi. Wafanyakazi wa pale hawana sababu ya kudhani wewe ni tofauti na hao.

Kinachonitisha zaidi ni kasha kutupwa. Mizigo hurushwa, na darubini ikisogea hutaijua kwa macho. Hesabu yake ni hii: ikipotoka sentimita 8 kwa mita 100, kwa mita 300 ni sentimita 24, yaani risasi ya mapafu inakuwa ya tumbo. Wanaotetea kuazima wanaishikilia hoja hii, na wana haki. Jibu lake lipo, ila linadai nidhamu: ukitua, kabla hujalala, piga risasi tatu kwenye karatasi ya shabaha. Anayesema hana muda wa risasi tatu hana sababu ya kusafiri na bunduki yake, maana faida yote aliyoifuata ameiacha uwanja wa ndege.

Kisha sheria. Marekani kila jimbo lina sheria zake za silaha, na ndege haijali mipaka. Mwaka 1986 Bunge lilipitisha kifungu kinachomlinda msafiri: kama unatoka mahali unaporuhusiwa kumiliki silaha kwenda mahali unaporuhusiwa, unaweza kupita majimbo ya katikati ilimradi haina risasi na huwezi kuifikia njiani. Kinasomeka kama mwavuli mpana. Mwaka 2005 mtu mmoja wa Utah aligundua ulikotoboka. Alikuwa anakwenda Pennsylvania akibadilisha ndege Newark, jimbo la New Jersey, na bastola yake ilikuwa kwenye mzigo, imefungwa na kutangazwa kama inavyotakiwa. Akakosa ndege ya kuunganisha, akakabidhiwa mzigo wake, akalala nao hotelini. Asubuhi aliporudi kaunta na kutangaza silaha kama kawaida, akakamatwa kwa kutokuwa na kibali cha New Jersey. Alikaa rumande siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, akafungua kesi ya madai, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikamkatalia: usiku ule, ilisema, silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia, hivyo ulinzi wa kifungu ulikatika.

Mahakama ilifuata maneno ya sheria, na hapo siilaumu. Lakini sheria inayomwadhibu mtu kwa kuchelewa kwa ndege ambayo haendeshi yeye ina kasoro, na ni kazi ya Bunge kuirekebisha: msafiri aliyekwama ahesabiwe yuko safarini bado. Wapo wanaopinga, na sababu yao si ya kubeza. New Jersey na jiji la New York wana sheria kali kwa sababu wananchi wao wamezitaka, na mlango ukifunguliwa kwa wasafiri, mtu yeyote mwenye tiketi mfukoni atadai yuko safarini. Naona hofu hiyo ingetulizwa kwa kuweka kikomo cha saa ambazo msafiri ahesabiwe amekwama, na kasha likabaki mikononi mwa polisi wa uwanja. Mahakama yenyewe ilisema aliyekwama anaweza kuwaendea polisi au wafanyakazi wa uwanja kabla hajachukua mzigo. Hadi sheria ibadilike, hicho ndicho cha kushika: ukikwama usiku Newark, au JFK na LaGuardia, viwanja vya New York, kasha usiliguse.

Kuna hoja moja nzito kuliko zote, na wawindaji wenzangu hawapendi kuizungumza. Tarehe 6 Januari 2017 abiria aliyetoka Anchorage alitua Fort Lauderdale, Florida, akachukua kasha lake lenye bastola aliyoitangaza kihalali, akaenda nayo msalani, akarudi na kuwafyatulia watu kwenye mkanda wa mizigo. Watu watano walikufa. Alifuata kila kanuni niliyoieleza hapo juu. Baada ya hapo wako waliosema silaha zisikabidhiwe tena ukumbini. Ziende kama shehena, zichukuliwe penginepo. Nimeifikiria sana hoja hiyo na siwezi kuitupa. Wakati huohuo, mtu yule alikuwa amejipeleka mwenyewe ofisi ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwezi Novemba uliotangulia, akiwa na maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Polisi walikaa na bastola yake, kisha Desemba wakamrudishia. Kosa lililoua lilitangulia uwanja wa ndege. Na kule Alaska, ambako vijiji vingi havina barabara, ndege ndiyo basi lao. Ukiondoa bunduki kwenye ndege umeondoa nyama mezani. Ninachokubali bila shida ni kasha kutolewa ofisi ya mizigo kwa kitambulisho, likiwa limefungwa kamba za plastiki zinazohitaji kisu. Yapo mashirika yaliyoanza kufanya hivyo. Nikicheleweshwa robo saa, sijapoteza kitu.

Njia nyingine zipo. Posta ya Marekani inaruhusu mtu kujitumia mwenyewe bunduki ndefu kwenda jimbo jingine kwa ajili ya kuwinda, kifurushi kikiandikwa jina lake kupitia kwa mwenyeji, na kisifunguliwe na mwingine. Kwa gari, Columbus hadi Denver kule Colorado ni zaidi ya kilomita 2,000, siku mbili za barabara kwenda na mbili kurudi. Gari lina faida moja ambayo ndege haina: nyama. Elki mmoja hujaza makasha makubwa ya barafu, na kwenye ndege barafu kavu mwisho wake ni kilo 2.5 kwa abiria. Kichwa na uti wa mgongo uviache Colorado kwa vyovyote. Ugonjwa wa kukondesha kulungu uligunduliwa huko mwaka 1967, na majimbo mengi sasa hayaruhusu sehemu hizo kuvuka mpaka.

Neno moja kwa ndugu zangu wageni. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu hana tatizo na sheria ya nchi nzima. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Leseni hiyo aitembeze kama pasipoti, na isiwe imekwisha muda, kwani ikiisha anakuwa mtu aliyeshika silaha kinyume cha sheria, na hapo anayoiweka rehani ni viza yake.

Mdogo wangu nimempigia tena. Tiketi yake ni ya moja kwa moja hadi Denver, kwa hiyo Newark haimhusu. Tangu anunue bunduki amepiga risasi 30. Jumamosi tunakwenda uwanja wa shabaha na boksi tatu, alenge akiwa amekaa, amepiga magoti, na akiwa anahema baada ya kukimbia. Zikikaa ndani ya kisahani cha chai kwa mita 200 atakabidhi kasha lake kaunta. Zisipokaa, nitampigia mwongozaji jioni ileile amwekee ya kuazima, na mdogo wangu amekubali mpango huo.