Mipira mitatu ya Adam Greenberg

Kila nikimtaja Adam Greenberg, mpigaji aliyerudi Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani mwaka 2012 kwa zamu moja tu, kwa wapenzi wa mchezo huo, hakosi mtu wa kusema kwamba mrushaji aliyemkabili katika zamu ile angepaswa kumwonea huruma: ampe mpira mwepesi, jamaa apige, uwanja mzima ushangilie. Sikubaliani nao hata kidogo.

Greenberg ni Myahudi aliyekulia Guilford, Connecticut. Jina lake la ukoo ni lile lile la Hank Greenberg, nyota wa besiboli wa Detroit aliyekataa kucheza siku ya Yom Kippur, sikukuu takatifu ya Wayahudi, mwaka 1934, ingawa hawana undugu. Tarehe 9 Julai 2005, akiwa na miaka 24, timu yake, Chicago Cubs, ilimwingiza kupiga awamu ya tisa dhidi ya Florida Marlins. Hakuwahi kushika gongo katika Ligi Kuu kabla ya hapo, na wazazi wake walikuwa jukwaani. Valerio de los Santos, mrushaji wa Marlins, akarusha mpira wa kwanza, kasi yake karibu kilomita 148 kwa saa. Ukampata kichwani. Akaanguka, mikono yote miwili kichwani.

Mpigaji akigongwa na mpira hupewa kituo cha kwanza bure, na zamu hiyo haihesabiwi kuwa jaribio la kupiga. Carlos Zambrano akaenda kukimbia badala yake. Rekodi ikabaki hivyo: amecheza, majaribio ya kupiga sifuri.

Kizunguzungu na maumivu ya kichwa vilimwandama, na mwaka uliofuata Cubs wakaachana naye. Hakuacha mchezo. Alihangaika katika ligi ndogo, akachezea timu ya Bridgeport Bluefish jirani na kwao, na huko ndiko alikokutana tena na de los Santos mwaka 2011. Safari hii alipiga, akafika kituo cha kwanza kwa miguu yake mwenyewe. Katika habari yake yote, hapo ndipo ninapoguswa zaidi, maana haikuwa Ligi Kuu na hakuna aliyempangia chochote.

Mwaka 2012, baada ya mtengenezaji filamu Matt Liston kuendesha kampeni ili Greenberg apewe zamu moja tu, Marlins, ambao sasa walikuwa Miami Marlins, walimpa mkataba wa siku moja. Wapo waliosema klabu ilitafuta sifa baada ya msimu mbovu. Huenda, lakini mlango ulifunguka.

Tarehe 2 Oktoba, awamu ya sita, watu wakasimama kumpigia makofi. Aliyemsubiri alikuwa R.A. Dickey, mrushaji wa New York Mets, aliyeshinda mechi 20 msimu ule na baadaye kutwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Silaha yake ilikuwa mpira usiozunguka, ulioyumba hewani hata mdakaji wake mwenyewe ukamtesa. Dickey akarusha huo huo. Wa kwanza Greenberg aliutazama ukipita, miwili iliyofuata akaikosa. Mitatu ikitimia mpigaji hutolewa. Nje.

Angerushiwa mpira wa huruma, angekuwa mgeni wa heshima anayepigwa picha. Mtu aliyejifua miaka saba kwa ajili ya zamu moja alistahili kukabiliwa kama mpigaji yeyote, na Dickey alimpa hilo bila kumpunguzia. Tangu usiku ule, mbele ya jina la Adam Greenberg, kwenye safu ya majaribio ya kupiga, imeandikwa 1.