Mpigaji wa Besiboli Aliyevuka Miaka 30 Ana Thamani Gani? Maoni ya Mtanzania Anayeishi St. Louis

Nilihamia St. Louis, katika jimbo la Missouri, mwaka 2010, na mwishoni mwa mwaka uliofuata niliukuta mji huu kama umefiwa. Albert Pujols, mpigaji (mchezaji anayeupiga mpira kwa gongo) aliyeichezea klabu ya besiboli ya Cardinals ya hapa misimu 11 na kuipa ubingwa wa mwaka 2006 na wa mwaka uleule wa 2011, alikuwa amesaini kwa Angels wa upande wa Los Angeles mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 240. Wenzangu kazini waliulaumu uongozi wa Cardinals kwa ubahili, ilhali mimi nilishangazwa na jambo jingine kabisa: mtu anayetimiza miaka 32 mwezi unaofuata anapewaje mkataba utakaomfikisha miaka 41?

Kwetu Dar es Salaam swali hilo lisingefika mbali. Mshambuliaji akishavuka 30 huitwa babu kijiweni, na akicheza mechi tatu bila bao watu husema kaisha. Mtazamo huo nimekua nao, na Meddie Kagere, aliyezaliwa 1986, alipotua Simba mwaka 2018 akitokea Gor Mahia, nilidhani klabu imekosea. Alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, akawa mfungaji bora wa ligi mara zote mbili.

Klabu za besiboli za Marekani huwalipa fedha nyingi hivyo waliovuka 30 kwa sababu ya kanuni yao. Mchezaji hawi huru kuchagua klabu mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na katika miaka mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, hata kama ndiye anayeibeba timu. Anayeanza akiwa na miaka 23 au 24 hufika sokoni akikaribia 30, wakati wapigaji wengi huwa bora zaidi kati ya miaka 26 na 29. Pujols alichelewa hata kuliko hao, kwa kuwa mwaka 2004 alikubali kuongeza mkataba. Kwa hiyo simlaumu mchezaji anayedai fedha nyingi akiwa na miaka 31, kwani sehemu kubwa ya fedha hizo ni jasho lake la zamani ambalo halikulipwa kwa wakati wake.

Kosa ni la klabu inayonunua, nalo limo katika urefu wa mkataba kuliko katika bei ya mwaka. Mkataba wa besiboli hulipwa wote, hata klabu ikimwacha mchezaji katikati. Mwili wa mpigaji nao hauzeeki kwa mkupuo. Miguu hutangulia, na udakaji hufuata. Jicho la kutambua mpira wa kuupiga na wa kuuacha hudumu kuliko vyote. Hatari kubwa ni kasi ya gongo, kwa maana mikono ikichelewa hata kidogo mpigaji hulazimika kuanza kuzungusha gongo mapema ili auwahi mpira wa kasi, na hapo ndipo mrushaji, yule mpinzani anayemtupia mpira, anapomhadaa kwa mpira wa polepole unaopinda. Tangu mwaka 2015 mitambo ya viwanjani hupima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, hivyo klabu haina tena sababu ya kununua kwa kukumbuka miaka ya nyuma.

Cardinals walitufundisha jambo hili bila kukusudia. Baada ya kumpoteza Pujols walimsajili Carlos Beltrán, aliyekuwa na miaka 34, kwa miaka miwili na dola milioni 26. Msimu wa 2012 Beltrán alipiga homurani 32, yaani mipigo inayoupeleka mpira nje ya uwanja, na Pujols 30. Miaka miwili ilipokwisha, Cardinals hawakudaiwa kitu, ila Angels walikuwa bado na miaka minane ya kulipa. Pujols aliandamwa na maumivu ya mguu, wastani wake wa mipigo, yaani sehemu ya majaribio yake ya kupiga iliyofanikiwa, ukashuka kutoka .328 aliokuwa nao St. Louis hadi .256, na Mei 2021 Angels wakamwacha.

Hapa, basi, walitazama alichokwisha kufanya, na kwetu tunatazama mwaka wa kuzaliwa. Pande zote mbili zinauacha mwili wenyewe, ulivyo leo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa hisabati, akastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na wanafunzi waliendelea kumfuata nyumbani kwa miaka mingi. Ndiyo maana suala hili linanigusa.

Mwaka 2022 Cardinals walimrudisha Pujols, mwenye miaka 42, kwa dola milioni 2.5, wakimtumia zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto bila kumsumbua na udakaji. Alipiga homurani 24. Usiku wa Septemba 23, huko Los Angeles, alipiga mbili, ya 699 na ya 700 katika maisha yake ya mchezo. Nilimpigia simu baba, ambaye kwao kulikuwa kunapambazuka na alikuwa ametoka kuswali. Aliuliza mtu huyo ana miaka mingapi, nikamjibu. Kisha akauliza mkataba wake ni wa muda gani.

“Wa mwaka mmoja, baba.”

“Hapo sawa,” akasema.