Anataja metali zote kwa kichwa ila hajui kwanini bati lake halishiki kutu

Mtoto wa form three ukimwamsha usiku wa manane atakutajia potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesi, alumini, zinki, chuma mpaka dhahabu bila kukosea, ile orodha ya metali kuanzia kali mpaka pole (reactivity series), wana sentensi zao za kukariria na zinafanya kazi kweli. Ila muulize kwanini bati la paa likikwaruzika linakaa miaka na kopo la nyanya likikwaruzika na kulowa siku chache tu lina kutu, anakuangalia tu. Mimi nasema huyo hajafundishwa hiyo mada, amekaririshwa majina, na kosa sio lake.

Maana jibu lote liko kwenye orodha hiyohiyo. Mabati ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki iko juu ya chuma yani inaachia elektroni kirahisi zaidi. Bati likichubuka chuma kikabaki wazi, mvua ikanyesha, ile zinki ya pembeni ndio inatoa elektroni, inaliwa yenyewe na chuma kinapona mpaka zinki iishe. Kopo limepakwa stani (tin), na stani iko chini ya chuma, kwahiyo likikwaruzika mambo yanageuka, sasa chuma ndio kinatoa elektroni na kinaoza haraka kuliko hata kama kisingepakwa kitu. Chuma kilekile, maji yaleyale, kinachobadilika ni nani yuko juu ya nani. Watu wa boti za chuma wanalijua hili siku nyingi, wanafunga vipande vya zinki chini ya boti viliwe na maji chumvi, vikiisha wanafunga vingine.

Na kuna hela hapa. Tukienda hardware wote tunauliza geji, 28 au 30, wakati geji ni unene wa bati tu. Zinki inapimwa kivyake, kwa gramu kwa kila mita ya mraba, ukiona Z275 ujue ni gramu 275 za zinki kwa pande zote mbili jumla. Mtu kafaulu kemia vizuri kabisa na bado hiyo haulizi, kwasababu hakuna aliyemwambia kuwa ile mada ilihusu paa atakaloezeka baadae.

Ningekuwa naamua mimi, mada ingeanza na msumari na mrututu, huuhuu wanaotumia kwenye kahawa, yani kopa salfeti, chumvi yenye shaba ndani. Unakoroga kidogo kwenye maji, chombo kiwe cha plastiki au glasi, unatumbukiza msumari wa kawaida uliosuguliwa msasa (sio ule wa kuezekea, ule una zinki), dakika chache tu unatoka umevaa rangi ya shaba, na ukiuacha mpaka kesho ile bluu ya maji inapauka. Hapo ndio mwalimu aseme, chuma kimeachia elektroni mbili hiyo ni oksidesheni, shaba iliyokuwa kwenye maji imezipokea hiyo ni ridaksheni, na hakuna oksijeni iliyoongezeka wala kupungua popote. Hilo la mwisho ndilo linaniumiza zaidi, tunawaanzishia kwamba oksidesheni ni kuongeza oksijeni, wanaishika hivyohivyo, baadae tukija na elektroni wanaona ni mada nyingine kabisa. Halafu jamani mrututu ni sumu, vaeni glovu na msiumwage ovyo.

Atatokea mmoja atauliza mbona alumini iko juu ya zinki na sufuria hazishiki kutu. Huyo apewe muda wake wote, swali lake ni zuri kuliko mada nzima. Alumini inaungana na oksijeni haraka sana na hilo tabaka jembamba linalotokea ndio linaifunga isiendelee. Aangalie sufuria iliyopikiwa maharage ya magadi ilivyokuwa nyeusi ndani, magadi yamekula lile tabaka yakaifikia alumini yenyewe.

Hata historia imepangwa na hiyo orodha. Kagera walikuwa wanayeyusha chuma kwa mkaa miaka kama 2000 iliyopita, mkaa una uwezo wa kukinyang'anya chuma oksijeni yake, lakini kwa alumini unashindwa, ndio maana alumini ambayo imejaa kwenye udongo kabla ya hapo ilipatikana kidogo na kwa gharama kubwa, ikasubiri mpaka 1886 njia ya kuitoa kwa wingi kwa umeme ilipogunduliwa na Hall kule Marekani na Héroult kule Ufaransa, mwaka mmoja na kila mtu kivyake. Dhahabu iko chini kabisa, haina haja ya kuachia elektroni kwa mtu, unaikuta kwenye mwamba ikiwa dhahabu tayari, waulize wachimbaji wa Geita.

Najua walimu mtasema muda hautoshi na maabara hazina kitu. La muda nakubali, madarasa yamejaa na silabasi ni ndefu. La maabara hapana, msumari na mrututu kidogo mnapata. Na watunga mitihani watusaidie, waache kuuliza panga metali zifuatazo, waweke bati na kopo vyote vimekwaruzwa wamuulize mtoto kipi kitaoza kwanza na aeleze elektroni zimetoka wapi kwenda wapi. Likitokea mara moja tu kwenye mtihani wa taifa shule zote zitaanza kulifundisha, maana tunafundisha kinachoulizwa.