Mti wa Upinde wa Kwanza Tuutafute Hapa Hapa Visiwani

Mtu wa Unguja au Pemba anayetaka kuchonga upinde wake wa kwanza, akifuata maelekezo ya mafundi wa Uingereza na Marekani, atatakiwa atafute miti asiyopata kuiona, kisha afuate pete moja ya ukuaji wa mti, yaani tabaka linaloota kwa mwaka mmoja, kutoka ncha hadi ncha. Ushauri huo ni sahihi kwao. Kwetu, ambako miti mingi haina pete zinazoonekana waziwazi, naona haumfikishi mtu mbali.

Upinde unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaoelekea shabaha, hunyumbuka kwa kutanuka, na tumbo lake hubanwa. Nyuzi za mti zikiwa zimekatwa mgongoni, ufa huanzia hapo. Kwa sababu hiyo siupendi ubao wa kununua, maana msumeno hufuata mstari uliochorwa wala haujali nyuzi zimeelekea wapi. Afadhali mti mwembamba ulionyooka, wenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa kimo cha mpigaji, ambao mgongoni utabanduliwa gome tu, na kisu kifanye kazi yake yote upande wa tumbo.

Mimi ningechagua mpera. Ni mti mgumu usiovunjika ovyo, na watoto wetu hawakuuchagua bure kwa panda za manati. Matawi yake hupenda kupinda, kwa hiyo yatazamwe machipukizi yanayoota kwenye kisiki, ambayo mara nyingi hunyooka. Mvinje nao ni mgumu na hupatikana ukiwa umenyooka, ila hupasuka ukikauka haraka. Ncha zake zipakwe rangi ya mafuta siku ile ile ya kuukata. Mkarafuu usifikiriwe kabisa: kila mchumaji anajua jinsi tawi lake linavyokatika ghafla bila kuonya. Mikoko iachwe ilinde pwani.

Mti mbichi hubaki umepinda hata ugwe, yaani kamba ya upinde, ukishatolewa. Ukatwe masika yakiisha, upunguzwe unene kidogo, kisha ukae kivulini penye upepo muda wote wa kipupwe. Wakati wa kuchonga, upana usiharakiwe kupunguzwa, na unene uondolewe kwa uangalifu mkubwa zaidi, kwani kupunguza unene kwa asilimia 10 huondoa takriban asilimia 27 ya ugumu, ilhali upana ukipunguzwa kiasi hicho hicho ugumu hushuka kwa asilimia 10 tu.

Kuna wanaoanza na bomba la maji la plastiki. Ni rahisi, lakini joto hulilegeza, na joto ndilo tulilonalo.

Katika ugwe, kamba ya usumba, pamoja na sifa zake zote majahazini, haifai, kwa sababu hurefuka sana ikivutwa. Mshipi wa nailoni una kasoro iyo hiyo. Katani hurefuka kidogo mno, na uzi imara wa polista, nyuzi kadhaa zikisokotwa pamoja na kupakwa nta ya nyuki, ni bora zaidi kwa sababu haunywi maji wakati wa mvua.